Ndoo Kumi za Asali na Springi za Nyuma

Ukitaka kujua mwenye gari dogo anafanya kazi gani, usimwulize. Zunguka nyuma ya gari lake. Nyuma iliyopanda juu mno ikiwa haina kitu ni ya mtu aliyenunua springi kwa macho. Nyuma iliyokaa chini asubuhi, kabla hata debe moja halijapakiwa, ni ya mtu ambaye springi zake zilikwisha siku nyingi na bado anazidai kazi. Na ile ambayo ikiwa tupu imeinuka vidole viwili tu, ikishiba ikalala sawa na mbele, ni ya mtu aliyepima. Nimeishi Usoke miaka mingi nikiyaangalia magari kwa upande huo, na sijaona sababu ya kuhamia mbele.

Usoke iko kwenye reli ya kati, kati ya Tabora na Urambo. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na kabla yake watu wa huku walikuwa ndio reli. Wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Unyanyembe, eneo la Tabora, na vijiji vya jirani, wakashuka pwani na pembe, wakapanda na nguo, shanga na nyaya. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa na kiwango chake: kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Kiwango hicho hakikutungwa na tajiri aliyekaa barazani. Kilitokana na mabega ya watu, na mpagazi aliyeongezwa kinyume cha mapatano aliweza kuutua mzigo njiani na kumwachia mwenyewe. Siwataji wazee hawa kwa kujisifia kabila. Nawataja kwa sababu walijua uzito wa wanachobeba, na wengi wetu wenye magari hatuujui.

Gari langu lilikuwa Suzuki Samurai fupi, lile la mwili wa kisanduku na springi za majani mbele na nyuma. Nililipata wakati barabara ya kutoka Tabora kuja kwetu ilikuwa bado ya vumbi. Wakati wa kiangazi ilikuwa na viwimbiwimbi vinavyotikisa meno, masika ikawa utelezi, na sehemu za mbuga zenye udongo mweusi zilimeza tairi hadi kitovu. Kazi yangu ilikuwa asali. Nilikwenda vijiji vya kusini, upande wa misitu ya miyombo inayoelekea Ugalla, nikanunua kwa warina wa mizinga ya magome na ya magogo, nikarudi Usoke na ndoo. Kwa hiyo gari lilikwenda tupu na kurudi limejaa, na hilo ndilo tatizo lote la springi za nyuma kwa gari dogo. Kilo mia tatu si kitu kwa lori la tani kumi, maana lenyewe ni zito tayari. Samurai ina uzito usiofika tani moja. Ukiiongezea kilo mia tatu nyuma umelibadili gari.

Mbele hakubadiliki sana. Injini iko pale pale, ukiwa na mzigo au huna. Nyuma ndiko kunakoshiba na kufa njaa. Tuseme kila springi ya nyuma ya gari tupu inabeba kilo mia na hamsini hivi. Weka ndoo kumi za asali na springi ile ile sasa inabeba karibu mara mbili. Unatafuta springi moja itakayokuwa laini asubuhi na ngumu jioni, na chuma hakijui saa.

Gari lilipofika mikononi mwangu lilikuwa limesimama kama jogoo. Mwenyewe wa kwanza, mtu wa mjini aliyelitumia kwenda ufukweni Jumapili, alikuwa ameiongezea nyuma majani mazito ya pikapu kubwa na shakeli ndefu. Lilipendeza. Watoto wa Usoke walilikimbilia. Lakini tupu, kwenye viwimbi vya Ndono, nyuma ilikuwa inahama barabarani: tairi zinagusa ardhi kwa zamu, na mkia unatafuta mtaro. Mama watoto alikaa nyuma safari moja na mama yangu mzazi. Tulipofika Tabora mama yangu alishuka, akashika kiuno, akasema yeye kurudi atarudi kwa treni hata kama treni inakuja kesho. Akasubiri kweli.

Fundi wangu alikuwa mzee aliyetumia ujana wake kwenye malori ya tumbaku. Gereji yake ilikuwa chini ya mwembe: mnyororo wa kuinulia injini umefungwa kwenye tawi, na meza ya vyuma imeegemea shina. Nilimpa shikamoo, akaitika bila kutoa kichwa chini ya gari la mtu. Nikamweleza kwamba nataka springi za nyuma. Akatoka, akajifuta mikono, akazunguka nyuma ya Samurai, akalisukuma bodi kwa goti. Halikushuka.

"Mwanangu, unabeba nini?"

"Asali, Mzee."

"Kiasi gani?"

"Ndoo kumi, za lita ishirini."

"Sikukuuliza ndoo. Kilo ngapi?"

Wengi wa huku, ukiwauliza, watajibu mia mbili, kwa kuwa lita ishirini mara kumi ni mia mbili na watu wamezoea kuhesabu kwa maji. Asali si maji. Lita moja ya asali nzuri, iliyoiva na isiyotiwa kitu, ina karibu kilo moja na gramu mia nne. Tulizipeleka ndoo kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, kwa kuwa huko ndiko kuna mizani ambayo watu wote wanaipigania na kwa hiyo wote wanaiangalia. Asali ya ndoo moja ilitoka kilo ishirini na nane hivi. Ndoo kumi ni kilo mia mbili na themanini, kabla hujahesabu ndoo zenyewe. Tofauti ya mia mbili na mia mbili themanini ni mtu mzima na begi lake, amekaa nyuma ya gari safari zote bila kulipa nauli.

Kabla ya lolote fundi aliyatoa yale majani ya pikapu na kuirudisha springi kwenye majani yake ya kiwandani, ambayo kwa bahati mwenyewe wa kwanza alikuwa hajayatupa. Kisha akaniambia nipeleke gari kwenye sakafu ya saruji pale ghalani. Nilidhani atachukua vifaa. Alichukua utepe wa fundi cherehani.

Akapima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma, penye kitovu chake, kwenda juu hadi ukingo wa bodi. Kulia, kushoto. Akaandika kwa chaki sakafuni. Kisha tukaweka ndoo nne, juu kabisa ya ekseli, akaruka mara mbili kwenye bampa ili majani yatulie, akapima tena. Gari lilikuwa limeshuka sentimita tatu. Kilo mia na kumi na mbili kwa springi mbili ni hamsini na sita kwa kila moja. Gawa kwa tatu, unapata kilo kumi na tisa kwa sentimita, au karibu na hapo. Hiyo ndiyo tabia ya springi yako. Haikuandikwa popote kwenye duka, na ukimuuliza muuzaji atakwambia "hizi ni kali, mzee" au "hizi ni laini," maneno ambayo hayana kipimo. Ukiwa na sakafu ya usawa, uzito unaoujua na utepe wa shilingi chache, unaipata mwenyewe kabla chai haijapoa.

Baada ya hapo hesabu inajisukuma. Kilo mia na arobaini kwa kila springi, kwa kilo kumi na tisa kila sentimita, gari litashuka zaidi ya sentimita saba. Fundi aliingiza mkono kati ya ekseli na ule mpira unaoizuia isigonge chesisi, akanionyesha kwa vidole nafasi iliyopo gari likiwa tupu. Ilikuwa kama sentimita nane. Kwa hiyo, nikipakia, ningebaki na nafasi isiyofika unene wa kidole, na shimo la kwanza lingeigongesha ekseli kwenye mpira ule. Springi za kiwandani zilikuwa laini mno kwa mzigo wangu. Za yule mtu wa ufukweni zilikuwa ngumu mno kwa safari ya kwenda. Hakuna aliyekuwa mjinga. Kila moja ilikuwa ya kazi nyingine.

Hapa ndipo watu wanapoharakisha kuongeza jani, na hapa ndipo inafaa kujua jani linafanya nini. Jani la unene ule ule na urefu ule ule, likiongezwa kwenye majani manne, linaongeza ugumu kwa robo, basi. Lakini unene ni habari nyingine. Ugumu wa jani hukua kwa unene mara tatu kwa wenyewe: jani la milimita nane, lenye upana na urefu sawa na la milimita sita, ni gumu zaidi ya mara mbili. Kwa macho ni milimita mbili tu, huwezi hata kuziona kwenye vumbi la gereji. Kwa mgongo wa mama yangu zilikuwa ni tofauti ya kurudi kwa gari au kwa treni. Urefu nao unafanya kazi kinyume: springi ikiwa fupi hukakamaa haraka, ndiyo maana jani lililokatwa ili liingie mahali si jani lile lile tena.

Na ulaini si anasa. Springi iliyoshuka sentimita kumi na sita chini ya uzito wake, ukiiachia icheze, itapanda na kushuka karibu mara sabini na tano kwa dakika. Iliyoshuka sentimita nne tu itacheza mara mia na hamsini. Mtu anapotembea anapiga hatua mia na kidogo kwa dakika, na mwili umeuzoea mwendo huo tangu utotoni. Ukiupeleka mbali juu ya hapo unauonea. Anayejua kubeba mzega wa maji kwa mti begani analijua hili bila hesabu: mti mkavu usiopinda unakula bega, mti mwembamba mno unaanza kuruka kwa kupitana na hatua zako na maji yanamwagika, mti mzuri unapinda pamoja na mtembeaji, na mti mzuri kwa madebe mawili si mti mzuri kwa debe moja.

Fundi hakuongeza jani la kushiriki kazi muda wote. Alichagua jani fupi, nene, lililonyooka, akalifunga chini ya mengine kwa senta bolti ndefu zaidi na yu-bolti mpya, kwa namna ambayo ncha zake zilibaki mbali na jani la juu yake. Gari likiwa tupu, ncha hazigusi kitu. Springi ni ile laini ya kiwandani. Likishuka sentimita chache, ncha zinakutana na jani la juu na jani nene linaanza kusaidia. Springi moja, tabia mbili. Malori yamekuwa yakifanya hivi miaka nenda rudi, na ukiinama chini ya Fuso lolote stendi ya Tabora utaliona lile fungu la juu linalosubiri mzigo. Kwa gari dogo watu hawalifikirii, kwa sababu wanadhani gari dogo halina mambo makubwa.

Jani lenyewe nililipata Dar es Salaam, Gerezani, kwa muuza vyuma ambaye alikuwa Mzaramo, kwa hiyo mtani wangu. Aliposikia natoka Tabora akacheka: "Nyie mmezoea kubeba kwa mabega, gari mtaliweza?" Nikamwambia ninyi mlikuwa mkikaa hapa hapa mkingoja tuwaletee pembe, na hadi leo mnangoja. Akapunguza bei kidogo kwa hilo. Nilikwenda na kipande cha kadibodi kilichokatwa sawa na upana wa majani yangu na kutobolewa tundu la senta bolti, na hicho kilinisaidia kuliko jina la gari. Duka lina springi za "Suzuki" za kila aina. Kadibodi haina ubishi.

Kuna jambo ambalo springi inasingiziwa kila siku kwenye barabara zetu. Viwimbi vya vumbi vina hatua ya kama nusu mita hadi mita moja. Ukienda kilomita arobaini kwa saa unavipiga zaidi ya kumi kwa sekunde, na hapo kinachoruka si bodi, ni gurudumu lenyewe na ekseli yake. Kazi ya kulituliza gurudumu ni ya shokapu. Shokapu iliyovuja mafuta huliacha litwange, na dereva anasema springi zimekufa, anaweka ngumu zaidi, na gari linazidi kutwanga. Kabla hujanunua jani, bonyeza kona ya gari kwa nguvu zako zote na uachie: likipanda, likashuka, likapanda tena na tena, tafuta shokapu. Angalia pia upepo wa tairi. Gari jepesi likijazwa upepo wa lori linakuwa na springi nyingine ya mpira ambayo hukuiomba.

Kuhusu kuinua gari nitakuwa mfupi, ingawa vijana hunisikiliza hapa kuliko penginepo, kwa kutonikubali. Samurai ina upana wa kama mita moja na sentimita thelathini kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kila sentimita unayoinua, kitovu cha uzito kinapanda na upana unabaki. Huko Marekani jambo hili lilifika mahakamani: mwaka 1988 shirika la walaji la Consumers Union lilitangaza kwamba Samurai haikubaliki kwa sababu ya kuelekea kupinduka kwenye kona za ghafla; Suzuki walipinga majaribio yale, wakashitaki mwaka 1996, na pande mbili zikapatana 2004. Sina haja ya kuamua nani alikuwa mkweli. Gari walilobishania lilikuwa la kiwandani, halijaguswa. La kwetu lina shakeli ndefu, keria juu ya paa, baiskeli mbili, mkungu wa ndizi na kuku.

Samurai zilitoka na ekseli juu ya springi, na wapo wanaozihamisha springi zikae juu ya ekseli ili gari lipande sentimita kumi na kitu kwa mara moja. Linapanda kweli. Lakini unapokanyaga mafuta kwenye tope, ekseli inataka kujizungusha na majani yanajikunja kama herufi S, na propela shafti inaanza kulia. Kwa mtu wa asali, aliyepita mbuga masika, urefu huo ulisaidia kidogo kuliko minyororo ya tairi na koleo.

Namna ya kupakia nayo ilinifundisha zaidi ya nilivyotarajia. Samurai fupi ina sentimita mia mbili na tatu kati ya ekseli na ekseli. Ukiweka kilo mia moja sentimita arobaini nyuma ya ekseli ya nyuma, springi za nyuma hazibebi mia. Zinabeba karibu mia na ishirini, na hizo ishirini za ziada zimetolewa mbele. Usukani unakuwa mwepesi, unageuza na gari linafikiri kwanza. Taa zinaelekea kwenye matawi ya miembe, na kila lori linalokuja usiku linakuwashia kwa hasira. Tangu siku ile ya chaki, ndoo zangu zilianza nyuma ya kiti cha dereva na kurudi nyuma. Kiti cha nyuma kilibaki Usoke. Sentimita za kupanga mzigo ni springi ambayo hununui.

Majani yaliyovunjika hayatupwi huku. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha na mara nyingi kromiamu, kimepashwa moto, kikazimwa kwenye mafuta, kikapashwa tena kwa kiasi ili kipinde bila kukatika. Wafua vyuma wanakipenda kuliko chuma chochote cha dukani. Panga, shoka, patasi na nyembe za jembe la ng'ombe zinazotengenezwa vijijini nyingi zilikuwa springi za Land Rover au za lori. Unyamwezi imejua kazi hii tangu zamani. Majembe ya wafua chuma wa Usumbwa yaliuzwa Tabora na kusafiri na misafara. Ila mfua vyuma wa jembe si lazima awe fundi wa springi. Jani lililolala, ukilipasha motoni hadi liwe jekundu na kulipinda upya, likaachwa lipoe lenyewe chini, limepoteza ule upishi wa kiwandani. Litasimama vizuri siku ya kufungwa na kulala tena ndani ya msimu. Kulipinda kwa nyundo likiwa baridi, pigo baada ya pigo, kuna nafuu, ingawa nalo halirudishi ujana. Na asiruhusiwe mtu kulichomea jani kwa weldingi, hata kama ni swahiba.

Siku hizi Samurai zimebaki chache na wengi wanauliza kuhusu Jimny, zile za mwaka 1998 na kuendelea, ambazo zina koili pande zote. Kwa koili hakuna jani la kuongeza. Unabadili koili yenyewe, na hapo unene wa waya una ukali kuliko hata wa jani, maana ugumu unakua kwa unene mara nne kwa wenyewe: waya wa milimita kumi na tatu badala ya kumi na mbili unakuongezea zaidi ya theluthi, kama mengine yamebaki sawa. Kwa hiyo sentensi ya "nipe kubwa kidogo tu" ni sentensi ya hatari. Wako wanaokata mzunguko mmoja wa koili iliyochoka wakidhani wanaisaidia. Inakuwa fupi na ngumu kwa pamoja, yaani umepata hasara mbili kwa msumeno mmoja. Utepe na ndoo nne za asali zinafanya kazi kwa koili kama zilivyofanya kwa majani.

Mara nyingine nikipita Urambo namkumbuka fundi na chaki yake. Hapo Urambo, kama Kongwa na Nachingwea, Waingereza walianzisha mradi wa karanga mwaka 1947. Walileta mashine za kila namna, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, na miaka michache baadaye wakaufunga wakiwa wamepoteza takribani pauni milioni 36. Tumbaku ya huku iliota kwenye mabaki ya mradi ule. Walichagua mashine wakiwa mbali, kabla ya kuijua ardhi itakayozipokea.

Juzi alinijia kijana mwenye kirikuu, Suzuki Carry ya kuvuta magurudumu yote. Anabeba matofali ya kuchoma. Alikuwa ameshapata majani mawili ya lori la Canter na alitaka nimwelekeze fundi wa kuyafunga.

"Mzee, haya si yatabeba tani?"

"Springi zitabeba," nikamwambia. "Na breki je?"

Akanyamaza. Nikamweleza kwamba vigari vile, kwa sheria ya Japani, vilitengenezwa kubeba kilo mia tatu na hamsini, na kila kitu kilichomo kilipimwa kwa hizo: ngoma za breki, beringi za magurudumu, ekseli, chesisi yenyewe nyembamba kama sahani, tairi. Springi ndiyo ya kwanza kulalamika, nayo inalalamika hadharani: gari linalala na kila mtu anaona. Ukiinyamazisha kwa jani la Canter, mzigo haujapungua; umehamia kwenye beringi, na beringi halilali chini likaonekana. Litakatika kwenye mteremko.

"Tofali moja lina kilo ngapi?" nikamwuliza.

"Si kubwa, Mzee. Ni ya kawaida."

"Kilo ngapi?"

Akaniambia atalipima. Nikamshauri achukue kumi kwa pamoja na kugawa, kwa sababu ya kuchoma hayalingani, na mabichi yaliyonyeshewa ni mazito zaidi. Tena awahi ghalani kabla soko la tumbaku halijafunguliwa, maana marobota yakianza kuingia hakuna atakayemwachia mizani.